Baba Mkwe Amekimbia Kahawa Yangu

Mpendwa Bi Ottavia,

Nakuandikia nikiwa peke yangu jikoni, mke hayupo, baba mkwe hayupo, nimebaki na mashine ya espreso na kinu chake, na kabla sijaanza naomba usinicheke mpaka umalize kusoma, maana najua tabia yako, mke wangu alikuwa akinisomea ukurasa wako wa ushauri gazetini kila Alhamisi na wewe una mtindo wa kumcheka mtu akiwa katikati ya shida zake, lakini mimi sina kosa, Bi Ottavia, kosa langu ni kupenda kitu kizuri tu.

Naitwa Catello, nina duka la miwani, na naishi Materdei hapa Napoli, ghorofa ya nne, nyumba isiyo na lifti. Tunakaa, au niseme tulikuwa tunakaa, na mke wangu Ersilia pamoja na baba yake, mzee Liborio, ambaye aliendesha tramu za Napoli maisha yake yote, na alipostaafu kazi yake ikawa moja: kila asubuhi anashuka ngazi, anaingia kwenye mkahawa wa Aniello hapo chini, anakunywa kahawa yake amesimama, anaitukana timu ya mpira, anapanda tena. Mwaka jana magoti yakagoma. Akawa anakaa dirishani kutwa nzima anatazama mlango wa Aniello kama mtu aliyefiwa. Ersilia ndiye aliyesema, "Catello, tumnunulie baba mashine, anywe kahawa yake hapahapa nyumbani," na mimi sikubisha hata kidogo, nilitoka siku hiyohiyo nikanunua mashine nzuri, na kinu kizuri, sasa niambie, huyo ni mtu mbaya?

Tatizo ni kwamba nilianza kusoma. Nilitaka kujua mtu achague kahawa gani kwa mashine ya nyumbani, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyogundua kwamba ile tunayokunywa Napoli tangu tunazaliwa si kahawa, ni makaa, imeunguzwa mpaka haijui ilitoka shamba gani, na imetiwa robusta ndani, ile kahawa chungu ya bei rahisi, na watu wanaojua wanacheka, basi nikaagiza kwa mkaangaji mmoja wa kule kaskazini pakiti ya arabika tupu, punje zake rangi ya karanga, juu imeandikwa shamba, mwinuko wa mlima, jina la mkulima, na ladha utakazozipata: forosadi, ganda la chungwa, yasmini. Nikapima, nikasaga, nikaminya, nikampelekea mzee kikombe chake cha kwanza dirishani. Akakaa nayo mdomoni kama mtoto aliyelazimishwa mafuta ya samaki. Akameza.

"Nani mgonjwa?" akauliza.

"Hakuna mgonjwa, baba."

"Sasa hii dawa ni ya nani?"

Nikamweleza kwa upole kwamba ulimi wake umezoea kuungua, na huo ukali anaousikia ni uhai wa tunda. Akasema sawa, sukari iko wapi. Nikamwambia hii haitiwi sukari, ukitia sukari unamuua yasmini.

"Yasmini ndiye nani? Mimi simjui wala simuui mtu. Lete sukari."

Sikuleta, Bi Ottavia, na nakiri kwamba baadaye niliihamishia juu ya kabati asikoifikia, lakini ni kwa sababu mtu hawezi kujifunza huku anakimbilia kilekile alichokizoea, na wala sikukaa na pakiti moja, nilimjaribishia ya Ethiopia, nikamjaribishia ya Kenya, nikamjaribishia moja ya Guatemala iliyokaangwa kidogo sana hata Ersilia akauliza kama hizo ni kunde, na kila mara nilimsomea maandishi ya pakiti kabla hajanywa ili ajue atafute nini mdomoni. Yeye anatazama mlango wa Aniello tu.

Halafu siku moja nikampelekea kikombe, akasema, "Asante, sinywi kahawa tena."

Wewe ni mtu wa Napoli, unajua maneno hayo yana uzito gani yakitoka kwa mzee. Ersilia alidondosha sufuria. Tukamwita daktari, akampima mapigo, akampima kifua, akamtazama macho, akasema mzee yuko sawa, kisha wakati anafunga mkoba Ersilia akamwambia kwamba amekataa kahawa, daktari akafungua mkoba upya akaanza kupima kutoka mwanzo. Dada yake Ersilia, shemeji yangu Titina, alipiga simu kutoka Pozzuoli akilia, anauliza kama nguo nyeusi zipo au akashonewe. Nyumba nzima ikawa inatembea kwa ncha za vidole. Na mzee mwenyewe, jambo la ajabu, alikuwa ananenepa, mashavu yana rangi, anapiga mluzi.

Nikaja kujua sababu siku niliyofunga duka mapema kwa sababu ya kukatika umeme. Naingia, namkuta mzee amesimama roshani, kwa magoti yaleyale mabovu, anavuta kamba ya kikapu, kile kikapu tunachoshushia kununua mkate, anavuta taratibu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

"Baba, unavua samaki?"

"Nyamaza, itamwagika."

Nikachungulia. Ndani ya kikapu kuna kikombe cha Aniello, kimefunikwa kwa kisahani, na pembeni vijiko vya sukari vimefungwa kwenye karatasi. Na chini barabarani Aniello ameinua uso, ameweka mikono mdomoni, anaita, "Polepole mzee Liborio, hiyo imejaa!" Bi Ottavia, mimi ni mtu mpole, muulize yeyote, lakini nikaona mashine yangu imekaa pale jikoni, imefutwa, inang'aa, na huyu ananiletea maji ya makaa kwa kamba kupitia roshani yangu, damu ikanipanda, nikaishika kamba nikasema lete hapa, yeye akasema acha, nikavuta, akavuta, na kahawa yote ikashuka kwenye mashuka ya Bi Nannina wa ghorofa ya pili, na si mashuka hivihivi, ni yale aliyotariziwa bintiye kwa ajili ya harusi, alikuwa ameyafua ayapige pasi.

"Nani huyo ananimwagia uchafu?" Bi Nannina akapiga kelele.

Na mzee, badala ya kunyamaza, akainama roshani akajibu mtaa mzima usikie: "Mkwe wangu! Ananinyima kahawa! Ananinywesha ndimu!"

Madirisha yote yakafunguka. Muuza samaki akaniita mnyama. Ersilia alipokuwa anarudi kutoka sokoni habari nzima aliisikia kwenye kona, kwa watu wanne tofauti, na kila mmoja ameiongezea chumvi yake, na alipoingia hakupiga kelele, afadhali angepiga kelele, aliweka mfuko chini akasema, "Catello, baba yangu ana miaka themanini na mbili, na umemfanya aibe kahawa." Nikaanza kumweleza kuhusu kiwango cha kukaanga. Akaingia chumbani akatoa sanduku.

Kwa kuwa mzee hawezi ngazi, Aniello na muuza samaki walimbeba kwenye kiti, na walipotoka naye nje watu walipiga makofi, kweli kabisa walipiga makofi, mzee anapunga mkono kulia na kushoto kama sanamu ya mtakatifu siku ya maandamano ya kanisa, Ersilia nyuma na sanduku. Wako Pozzuoli kwa Titina. Hajibu simu zangu, na siku moja alipojibu alisema, "Uko na yasmini wako, huna upweke," akakata.

Sasa swali langu, Bi Ottavia, na wewe ni mtu wa busara: nichague kahawa gani? Nafikiri nilianza na kali mno, pengine ningempa kwanza ya Burundi ambayo ina utamu kidogo, halafu taratibu nimrudishe kwenye Kenya, au nijaribu kuwapelekea Pozzuoli pakiti kadhaa tofauti ili waelewe kwamba nilikuwa na nia njema? Nataka mke wangu arudi. Nataka pia siku moja mtu mmoja katika mji huu akiri kwamba nilikuwa sahihi. Na usifikiri mimi ni mtu wa majivuno, hata mimi kila asubuhi kabla ya kufungua duka napita mkahawa wa jirani nakunywa moja nyeusi na sukari mbili, lakini hiyo ni kwa ajili ya kulinganisha tu.

Wako niliyeachwa,
Catello, Materdei

*

Catello,

Uliomba nisicheke mpaka nimalize. Nilishindwa pale mzee alipouliza Yasmini ni nani. Nilipofika kwenye sukari mbili za kulinganisha ilibidi niweke barua chini nikanywe maji.

Nianze na mema yako, hayatachukua muda. Uliona mzee wa watu amekaa dirishani ana huzuni, ukatoka ukamnunulia mashine bila kunung'unika. Wapo wakwe ambao baba wa mke akishindwa kutembea wanafurahi kwamba hatakuja sebuleni. Wewe ulitoka ukanunua. Moyo ule ulikuwa mzuri, na ningependa kujua uliusahau kwenye duka gani.

Maana mashine ile ilinunuliwa kwa ajili ya nani? Ya mzee. Ulisema mwenyewe. Alikuwa anataka nini? Kahawa ya Aniello, bila ngazi. Basi. Hakuomba kufundishwa. Hakuomba kujua mkulima anaitwa nani. Mtu amekatwa safari yake moja ya siku, amekatwa rafiki zake, amekatwa hata nafasi ya kuitukana timu ya mpira mbele ya watu wanaojua kutukana, kilichobaki ni funda mbili za kitu cheusi kitamu, nazo ukazipandisha juu ya kabati pamoja na sukari. Halafu unashangaa akisimama kwa magoti mabovu kuvuta kamba! Mimi nashangaa hakukufunga nayo.

Na wewe mwenyewe kila asubuhi "unalinganisha". Catello, mwanaume aliyekula kiapo cha arabika tupu, anayejificha mkahawa wa jirani na sukari mbili, halafu anamnyima mzee wa miaka themanini na mbili kijiko kimoja. Umeuza miwani miaka yote hiyo na hujawahi kujaribu moja?

Sasa kahawa, kwa sababu uliuliza, na kwa sababu wako wengine wanaosoma hapa ambao wamenunua mashine na hawajui wafanye nini, na bado wana wake zao.

Kahawa nyepesi si kitu kibaya. Usije ukatembea Materdei unasema Ottavia kasema ni mbaya. Wapo wanaoipenda, waache waipende. Lakini ni ngumu kuitoa vizuri, mashine ndogo ya nyumbani inahangaika nayo, inakutolea ukali na kuuacha utamu ndani, na ukimpa mtu aliyelelewa na kahawa nyeusi ataona umemkamulia ndimu. Mzee hakuwa mjinga. Alisema kilichokuwemo kwenye kikombe.

Kwa hiyo nenda kwa mkaangaji wa mtaani kwenu, yule ambaye harufu yake unaipita ukiwa umebana pua. Mwambie unataka ya espreso, na mnywaji ni mzee anayependa nzito. Atakupa iliyokaangwa rangi ya kahawia, kama joho la mtawa. Usichukue ile nyeusi tii inayong'aa mafuta kama nywele za bwana harusi, hiyo ndiyo iliyoungua kweli, na itakuziba kinu. Iwe ya kuchanganya, arabika kwa harufu na robusta kwa uzito na lile povu linaloshika sukari kabla haijazama. Usikunje pua ukisikia robusta. Robusta ilikulea.

Muulize imekaangwa lini. Tarehe ya kuharibika haikusaidii chochote, unataka ya kukaangwa. Ikiwa imetoka motoni leo, iache ipumzike siku kadhaa, maana mbichi hivyo inatoa povu la fujo na ladha haijatulia. Nunua kidogo, ikiisha rudi. Iweke kwenye kopo linalofunga, kabatini, wala si kwenye friji ikalale na dagaa. Saga unapotaka kunywa, si jana yake. Ikitoka mbio na maji maji, saga laini zaidi. Ikidondoka tone tone kama bomba bovu, legeza kinu kisage chenga zaidi. Unataka itiririke nyembamba kama mkia wa panya. Ukifika hapo, acha kugusagusa.

Lakini hayo yote yanakuja baada ya jambo moja ambalo hukulifanya hata mara moja katika barua ndefu namna ile: muulize mnywaji. Kamwulize mzee Liborio anataka nini. Mpelekee mifuko miwili midogo ya karatasi, isiyo na maandishi, anuse. Atakachokionyesha kwa kidole ndicho utakachosaga. Hata kama kidole kimeenda kwenye ile unayoidharau. Hasa hapo.

Mashine uipeleke Pozzuoli, leo kama unaweza. Si yako. Sukari ishuke kabatini. Bi Nannina mtafutie fundi wa kutarizi amtengenezee mashuka mengine kabla ya harusi, na ukienda kumwomba radhi piga hodi mlangoni, usimpigie kelele kutoka juu kama ilivyo desturi ya nyumba yenu. Burundi na Kenya kunywa wewe mwenyewe, peke yako, bila sukari, kila asubuhi, na tuone utadumu muda gani.

Na kwa Ersilia usieleze chochote. Naona una ugonjwa wa kueleza. Mkeo alikuwa anasema umemfanya baba yake aibe kahawa, wewe ukamjibu kwa kiwango cha kukaanga. Safari hii ukifungua mdomo litoke neno "nimekosa", kisha ufunge.

Ottavia

*

Baada ya kuandika hayo nilimpigia Catello dukani, maana ametaja majina na mtaa, nikataka ruhusa yake kabla ya kuchapisha. Nikamsomea jibu lote.

"Bi Ottavia," akasema, "umeniumiza."

"Ndiyo kazi yangu. Utakwenda?"

"Nitakwenda Jumapili."

Jumatatu akanipigia yeye. Alikuwa amebeba mashine hadi kwenye treni, imefungwa kwenye blanketi, watu wakimpisha kiti wakidhani ni mtoto mgonjwa. Titina alimfungulia mlango akamwacha amesimama hapohapo. Mzee alikuwa uani, amekaa kwenye jua, amezungukwa na wazee wenzake watatu, maana kule kwa Titina hakuna ngazi na siku chache tu zilimtosha kupata wapya wa kutukana nao timu. Catello akampa mifuko miwili. Mzee akanusa wa kwanza, akanusa wa pili, akarudi kwa wa kwanza, akawapitishia wenzake nao wakanusa, na uani kwa Titina pakafunguliwa baraza la kujadili. Kidole kikaenda kwenye mfuko wenye robusta nyingi.

"Uliumia?" nikamuuliza.

"Kidogo."

Akasaga. Ya kwanza ikatoka mbio, akaimwaga bila kusubiri kuambiwa. Ya pili ikatoka vizuri. Akatia sukari mwenyewe, akakoroga mwenyewe, akampelekea mzee. Mzee akanywa, akaangalia ndani ya kikombe.

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Ya Aniello ni bora.' Halafu akasema, 'Tengeneza na hawa wengine.'"

Kwa hiyo alishinda mchana kutwa jikoni kwa Titina akiwatengenezea wazee wanne, na jirani aliyesikia kinu kinalia, na jirani wa jirani huyo. Ersilia alipita mara kadhaa bila kumtazama. Jioni akaingia, akaegemea mlango, akasema, "Na mimi nipe moja." Akainywa amesimama hivyohivyo. Catello akamwambia, "Nimekosa." Akanihakikishia kwamba hakuongeza kitu.

"Naye akasema nini?"

"Akasema kikombe kinahitaji kupashwa moto kwanza."

"Amerudi nyumbani?"

"Bado. Baba hataki kuondoka, ana marafiki pale, na ukweli ni kwamba nyumba yetu ina ngazi nyingi. Lakini ameniambia Jumapili nije mapema, na nije na pajama."

Nikampongeza kwa moyo wote, Mungu ananiona. Nikamwambia mwanamke akikutajia pajama shida yako imekwisha nusu, iliyobaki ni kukaa kimya tu, na nikadhani tumemaliza.

"Ila unajua, Bi Ottavia," akasema, na nikasikia anavuta kiti akae vizuri, "nimefikiria sana, na nadhani tatizo hasa halikuwa kahawa wala mimi. Yalikuwa maji. Maji ya Materdei yana chokaa nyingi, sasa arabika ukiichukua ukaipitisha kwenye maji ya namna hiyo..."

Nikakata simu.